Anayelipa uzio peke yake huchora mpaka peke yake

Pita mitaa ya Kasingirima hapa Ujiji, kisha fuata njia za mashambani kuelekea bonde la Luiche. Utaona jambo tulilolizoea hata halitushangazi tena. Nyua mbili zimesimama sambamba, mmoja wa matofali ya kuchoma, mwingine wa nguzo za miti na seng'enge, na kati yake umebaki upenyo wa hatua moja usio na mwenyewe. Humo hutupwa chupa na mifuko, humo huota magugu, humo nyoka hupata pa kulala. Mbele kidogo utakuta uzio ulioanza kwa kishindo ukakatikia njiani: nguzo sita zimenyooka, baada ya hapo nyasi tupu. Ukiuliza, mwenye shamba atakwambia alikuwa anamsubiri jirani atoe nusu yake. Ukimuuliza jirani, atakuapia kwamba hakuna aliyemweleza kitu.

Msimamo wangu ni huu. Uzio unaosimama juu ya mpaka ni wa watu wawili, na gharama yake igawanywe kabla shimo la nguzo ya kwanza halijachimbwa. Asiye na fedha alipe kwa nguzo, kwa jembe au kwa mavuno, lakini asikae pembeni. Sisemi haya kwa kuwa ujirani ni jambo jema tu, ingawa ni jema kweli. Nasema kwa kuwa mwenye kulipa peke yake ndiye anayeamua kamba ipite wapi, na aliyenyamaza siku ya kamba hana la kusema miaka inapokwenda.

Mbuzi wa zamani na mchikichi wa leo

Wapo wazee watakaosema kwamba kuhangaika na uzio ni mambo ya watu wa mjini. Wao waliishi na mipaka ya minyaa na mikonge na hawakufikishana popote. Wanasema kweli, ila kilimo chao kilikuwa na mwendo mwingine. Katika vijiji vingi, mbuzi walifungwa msimu wa kilimo, wakaachiwa baada ya mavuno. Mahindi na maharage yakishatoka shambani, mbuzi azurure apendavyo, hana cha kuharibu ila mabua. Msimu wenyewe ndio uliolinda shamba, na nguzo hazikuwa na kazi kubwa.

Mchikichi umevuruga mpango huo. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili mkoani Kigoma, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa mstari wa mbele kuzalisha mbegu na miche ya tenera. Aina hii huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na hutoa mafuta mengi kuliko dura, ile michikichi ya wazee wetu yenye kokwa nene. Tatizo ni kwamba mche wa tenera hauondoki shambani mwezi wa Mei pamoja na mahindi. Unabaki kiangazi kizima ukiwa na majani mabichi wakati kila kitu kimekauka, na mbuzi wa jirani anauona. Miaka mitatu ya kusubiri mawese inaweza kuishia mdomoni mwa beberu mmoja, asubuhi moja, kabla hujamaliza kunywa chai.

Mipaka yenyewe nayo imelegea. Ujiji ni mji mkongwe, na viwanja vyake vimegawanywa kwa mirathi kizazi baada ya kizazi, hivyo jirani wa leo mara nyingi ni mtoto wa baba mdogo. Vijijini, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu na kuwakalisha juu ya mashamba yaliyokuwa ya wengine. Matokeo yake, mipaka mingi inaishi kwenye kumbukumbu: kuanzia kwenye mwembe hadi kwenye kichuguu, toka kichuguu hadi njia ya kisimani. Mwembe unakatwa kuni, kichuguu kinafyatuliwa matofali, na mzee aliyejua njia ilipita wapi anazikwa. Uzio unaowekwa leo ndio utakaokuwa shahidi pekee kesho. Je, shahidi wa namna hiyo aandaliwe na upande mmoja?

Hesabu ya ekari nne

Tuweke hisia kando kidogo tupige hesabu. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo kuizungushia kote ni mita 256. Ukichimbia nguzo kila baada ya mita tatu na kuvuta mistari minne ya seng'enge, upande mmoja tu unakula nguzo 22 na waya mita 256. Misumari na ujira wa fundi bado.

Sasa wachukue majirani wanne wenye ekari moja moja zilizopakana, mbili mbele na mbili nyuma. Kila mmoja akijizungushia kivyake, wote kwa pamoja watajenga mita 1,024 za uzio. Wakikubaliana kwamba kila mpaka unahitaji uzio mmoja, watajenga pande nane za nje na nne za ndani, yaani mita 768. Wameokoa mita 256, sawa na uzio mzima wa ekari moja. Kila watu wanne wanaogoma kuzungumza wanajenga uzio wa mtu wa tano asiyekuwepo.

Ardhi nayo inapotea. Wanaojenga nyua mbili hurudi ndani kidogo, kila mmoja kwake, ili asidaiwe amevuka. Wakirudi nusu mita kila upande katika mipaka minne ya ndani, wametupa mita za mraba 256. Mchikichi uliopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu unahitaji mita za mraba 70 hivi. Eneo la michikichi mitatu na zaidi limegeuzwa jalala, na nyumba nne zimekubali hasara hiyo ili kuepuka mazungumzo ya nusu saa.

Ukimya una bei yake

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeeleza mengi kuhusu umiliki, hati, uhamisho na usuluhishi. Mwenye hati anatakiwa azitunze alama za mpaka, na zikipotea, gharama ya kupima upya inamwangukia yeye. Kanuni ya Adhabu nayo inamhesabu mkosaji anayeng'oa alama ya mpaka kwa nia ya kudhulumu. Lakini fungu la jirani katika seng'enge na nguzo halikupangwa humo. Hapo tumeachiwa wenyewe, na wenyewe tumechagua kunyamaza.

Tazama ukimya unavyofanya kazi. Jirani mwenye uwezo analeta fundi. Kwa heshima anapita kwa mama mjane wa upande wa pili kumpa taarifa. Mama anajibu: "Endelea tu baba, mimi sina hela." Anarudi jikoni kwake, akidhani ameokoa fedha. Fundi anavuta kamba. Kamba inakwepa kisiki, inakwepa shimo, inaegemea upande ambao hakuna mtu aliyesimama kuangalia. Mwishoni imeingia hatua mbili kwa mama. Huenda hakuna aliyekusudia dhuluma. Hata hivyo, hatua mbili kwa mita 64 ni karibu mita za mraba 100, na mama hakuwepo.

Miaka inapita, mama anaondoka duniani, watoto wanarudi kugawana. Wanapima kwa miguu, hesabu haitimii. Wanakwenda kudai na kuelezwa habari ya Sheria ya Ukomo, inayoweka miaka 12 kwa madai ya kurudisha ardhi. Uzio umesimama pale miaka 15, jirani amepanda na kuvuna mbele ya macho ya kila mtu. Nani atawaelewa?

Tuseme wamewahi kabla ya muda huo. Kama ni kijijini, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, nalo ni la usuluhishi. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, nalo limebaki kusuluhisha, halihukumu tena migogoro ya ardhi. Siku 30 zikipita bila suluhu, kesi inahamia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na mwenye pumzi anafika Mahakama ya Rufani. Kila ngazi ina nauli yake, makaratasi yake, na mashahidi wa kulishwa mchana. Nusu ya nguzo 22 ni nguzo 11. Nani umewahi kumwona akitoka kwenye kesi ya ardhi kwa gharama ya nguzo 11?

Wenzetu wameliandika

Zipo nchi zilizoona kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa aibu na ukimya. New Zealand, nchi ya wafugaji wa kondoo na ng'ombe, ina Sheria ya Uzio ya mwaka 1978. Anayetaka uzio humpa jirani taarifa ya maandishi yenye aina ya uzio na gharama. Jirani ana siku 21 za kupinga. Akinyamaza, anahesabiwa amekubali. Kanuni ya msingi ni nusu kwa nusu, na inahusu uzio unaotosha kwa kazi yake, si wa fahari. Afrika Kusini ina sheria yake ya uzio ya mwaka 1963, nayo inamdai jirani mchango. Wafaransa waliandika tangu mwaka 1804, katika kanuni yao ya kiraia, kwamba ukuta unaotenganisha majirani hudhaniwa kuwa wa wote wawili mpaka ithibitishwe vingine, na matengenezo yake ni juu ya wote. Asiyetaka kuchangia anaweza kujitoa, lakini anaacha na haki yake juu ya ukuta.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo kutafuta hekima. Waislamu wa Ujiji wanafahamu mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yanayomkataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti kwenye ukuta wake, na onyo lake kali kwa anayepora hata shubiri ya ardhi. Mafundisho hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatupa sheria nzima ya mpakani: ukuta uwanufaishe wawili, na ardhi isivukwe hata kwa shubiri.

Na asiye na kitu?

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni umaskini, na ni hoja nzito. Mtu anayewaza ugali wa jioni na dagaa wa kuunga utamwambiaje anunue waya? Jibu ni kwamba uzio haujengwi kwa waya peke yake. Kuna nguzo za kukata, mashimo ya kuchimba, magugu ya kufyeka, fundi wa kupikiwa. Anayechimba mashimo 22 kwa mikono yake amelipa, na kazi yake ithaminiwe kwa bei ileile ambayo kibarua angelipwa. Mwingine aandike deni la madumu ya mawese atakayolipa msimu wa mavuno. Ahadi ni deni, na deni lililoandikwa haligeuki kuwa fadhila ya kusimangwa kila mnapokutana njiani.

Hoja ya pili ni ya yule anayepakana na tajiri. Jirani akitaka ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, je, mwenye nyumba ya udongo alipe nusu? Hapana. Alipe nusu ya uzio wa kawaida wa eneo hilo, ule ambao watu wengi wanaujenga. Ziada ni ya mwenye kutaka ziada. Tukilikubali hilo, hofu nyingi zitaondoka, kwa sababu wengi wanaokimbia mazungumzo wanaogopa kuvutwa kwenye ukubwa usio wao.

Hoja ya tatu inahusu mifugo. Kama upande mmoja una mbuzi kumi wasio na kamba na upande wa pili una miche ya michikichi, nusu kwa nusu si haki. Mifugo inayozurura ndiyo iliyofanya uzio uhitajike, na mwenye nayo abebe theluthi mbili, au afunge mifugo yake mwaka mzima. Na mwenye shamba asigeuze uzio kuwa kisingizio cha kuwapiga mishale mbuzi wa watu.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya upole: uzio utavunja ujirani. Jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali, kwa nini tutenganishwe kwa miiba? Mimi naona kinachovunja ujirani ni mpaka usiojulikana. Uzio mliokaa chini mkaupanga unaweza kuwa na kijigeti cha watoto kwenda madrasa, na upenyo wa kwenda kisimani au ufukweni. Uzio aliouweka mmoja kwa hasira hauna geti.

Na jirani asiyekuwepo, yule aliyenunua kiwanja akarudi zake Dar es Salaam? Simu anayo. Apigiwe, atumiwe picha, ateue mtu wa kumsimamia siku ya kamba, na nakala ya taarifa ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Akipuuza yote hayo, atakuwa amepuuza mbele ya mashahidi.

Kuna mahali pamoja tu ningeshauri watu wasitoe hata shilingi: ufukweni. Ziwa Tanganyika lilipanda mwaka 2020 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba na kumeza kingo tulizozijua tangu utoto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Mwenye kiwanja kinachoishia majini atumie fedha yake kumlipa mpima ardhi, tena kwa kuchangia na jirani, kuliko kuchimbia nguzo zitakazoelea.

Kulea mimba si kazi

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Uzio ukishasimama, mchwa wanaanza kula nguzo tangu mvua za kwanza. Nguzo ya saba ikianguka, nani ainyanyue? Wengi waliokubaliana vizuri siku ya kujenga wamegombana hapa. Njia rahisi ni hii: majirani wasimame katikati ya mpaka wakitazamana, kila mmoja atunze nusu iliyo kuliani kwake. Kwa namna hiyo kila mtu anajua nguzo zake kwa idadi, na hakuna wa kumwonyesha kidole mwenzake.

Kwa kaya nyingi, uzio wa miti hai ndio unaofaa zaidi. Michongoma inafunga vizuri na kuchoma vizuri. Mbono hupandwa kwa vipando vya bure na mbuzi hawali majani yake, ila mbegu zake ni sumu, watoto waonywe. Mnyaa huota hata pakavu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo anayekata awe mtu mzima anayejua anachofanya. Miti hai inagharimu jasho kuliko fedha, na jasho ndilo ambalo tajiri na maskini wanaweza kugawana sawasawa. Ipandwe juu ya mstari wenyewe, kila mmoja apogoe upande wake kila mwaka, kwa maana uzio hai usiopogolewa hunenepa na kula ardhi ya wote wawili.

Karatasi moja kwa mtendaji

Manispaa ya Kigoma/Ujiji ina uwezo wa kulimaliza jambo hili, na Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma pamoja na vijiji vyake vilevile. Sheria za serikali za mitaa Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zinawapa mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tunatunga sheria ndogo za ushuru wa kila namna; kwa nini tusitunge moja inayowaondolea watu kesi? Iwe fupi. Anayetaka uzio wa mpakani atoe taarifa ya maandishi siku 30 kabla. Asiyejibu ahesabiwe amekubali. Gharama ya uzio wa kawaida iwe nusu kwa nusu, mwenye mifugo isiyofungwa abebe zaidi, na mchango wa kazi uhesabiwe kama fedha. Mpaka uoneshwe mbele ya majirani wa pande zote, na fundi asivute kamba kabla ya hapo. Nakala ibaki kwa mtendaji, bila ada, maana ikiwekewa ada watu wataikimbia.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Inatosha kutaja majina, alama za mwanzo na mwisho wa mpaka, aina ya uzio, nani ametoa nini, nani atatunza nusu ipi, na saini au dole gumba la kila upande pamoja na balozi wa nyumba kumi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mpaka ni mali ambayo watoto wetu hawatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Familia hazina haja ya kungoja Baraza la Madiwani likae. Mvua zikikaribia, watu wataanza kuandaa mashimo ya michikichi, na mafundi watatafutwa. Huo ndio wakati wa kubisha hodi kwa jirani. Mwenye uwezo asianze bila kumwita mwenzake, hata kama anaweza kulipa yote mara tatu, kwa sababu wema wake wa leo utasomwa kama uporaji na wajukuu wa yule. Na wewe unayeitwa, nenda siku ya kamba hata kama mfukoni huna shilingi. Mchango wako unaweza kungoja mavuno. Kamba ikishavutwa bila wewe, nguzo zitafuata ilipopita.